Sura ya Sita: Laurent Wawili wa Boyoma

Mwaka 1939, katika koloni la Kongo ya Wabelgiji, walizaliwa watoto wawili waliopishana siku 51. Wa kwanza alizaliwa tarehe 7 Oktoba huko Mongobele, nchi ya Wasakata, katika jimbo ambalo leo linaitwa Mai-Ndombe. Wa pili alizaliwa tarehe 27 Novemba huko Katanga, kwa Waluba. Kati yao palikuwa na zaidi ya kilomita elfu moja za mito na misitu, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake yupo. Jina la kizungu walilopewa lilikuwa moja: Laurent.

Laurent Monsengwo Pasinya alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Kisangani, baadaye kardinali. Laurent-Désiré Kabila aliingia Kisangani na jeshi lake mwaka 1997, miezi miwili baadaye akawa mkuu wa nchi. Katiba haikumwita mfalme. Lakini kwa amri aliyoitia saini mwenyewe alijikabidhi kazi ya kutunga sheria, kazi ya kuzitekeleza na uongozi wa jeshi, na alipouawa, kiti chake kilikaliwa na mwanawe baada ya siku kumi, bila wananchi kupiga kura hata moja. Utawala wa namna hiyo, uitwe vyovyote, ni wa kifalme.

Kilichowakutanisha hawa wawili ni zaidi ya tarehe na jina. Katika wiki moja ya Mei 1997, kiti kimoja, kiti cha Mobutu, kilikuwa mbele yao wote. Sheria ilikuwa upande wa mmoja, bunduki upande wa mwingine. Aliyekipata tunamjua. Sura hii inauliza Kisangani ilipata nini.

Jina lililopigwa marufuku

Mtakatifu Laurenti, ambaye wote wawili walibeba jina lake, alikuwa shemasi mjini Roma. Aliuawa tarehe 10 Agosti mwaka 258, wakati Kaisari Valeriano alipowatesa Wakristo. Mapokeo yanasema kwamba mkuu wa mji alimtaka akabidhi hazina ya Kanisa, kwa kuwa shemasi ndiye aliyeshika fedha. Laurenti akaomba muda, akaenda kuwakusanya maskini, vipofu na viwete wa mji, akawaleta mbele ya mkuu yule. Akasema hazina ni hii. Kwa jibu hilo akauawa.

Katika Zaire ya Mobutu, kuitwa Laurent kulikuwa na gharama yake. Mwanzoni mwa mwaka 1972 serikali iliamuru kila raia aache majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu. Rais mwenyewe alitangulia: Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko. Padri ambaye angembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa jela. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipopinga, alinyang'anywa makazi yake akaenda kuishi Roma kwa muda. Mji wenyewe ulikuwa umekwisha kubadilishiwa jina miaka sita kabla: Stanleyville ikawa Kisangani, ingawa wenyeji wengi hupenda kuiita Boyoma.

Basi padri kijana Laurent Monsengwo, aliyefundisha Biblia mjini Kinshasa, kwenye karatasi za serikali akawa Monsengwo Pasinya tu. Laurent-Désiré Kabila hakubadilisha kitu, kwa sababu mkono wa serikali haukumfikia. Alikuwa milimani Fizi na bunduki. Na jina lake la pili, Désiré, ndilo lilelile ambalo Mobutu alikuwa amelivua. Kwa miaka kumi na minane, nchi nzima ilipokatazwa majina ya watakatifu, mmojawapo wa waliobaki kuyatumia hadharani alikuwa mwasi aliyejiita mfuasi wa Marx.

Marufuku hiyo ilikufa polepole baada ya tarehe 24 Aprili 1990, siku ambayo Mobutu, kwa sauti iliyokatwa na machozi, alitangaza mwisho wa chama kimoja. Watu wakarudia tai, wakarudia kuitana "bwana" na "bibi" badala ya "mwananchi", wakarudia majina yao. Laurent wa Kisangani akarudi kuwa Laurent, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka hamsini.

Mwana wa watawala anashika kitabu

Katika jozi hii, aliyekuwa na damu ya utawala ni padri. Monsengwo alitoka katika mojawapo ya koo zinazotoa watawala wa Wasakata. Kabila hakuwa na kiti cha mababu cha kudai. Lakini mwana wa ukoo huo alipelekwa seminari ndogo ya Bokoro, kisha seminari kuu ya Kabwe, kisha Roma. Huko alipewa upadri tarehe 21 Desemba 1963, na huko akaingia Taasisi ya Kipapa ya Biblia, ambako mmojawapo wa walimu wake alikuwa Carlo Maria Martini, aliyekuja kuwa kardinali wa Milano. Anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kupata udaktari wa masomo ya Biblia. Kiebrania na Kigiriki alivisoma kwa miaka, na waliomsikia akihubiri baadaye walizoea kumwona akilifungua neno la Maandiko kwa utulivu wa fundi anayefungua saa.

Tarehe 4 Mei 1980, Papa Yohane Paulo II akiwa Kinshasa, Monsengwo aliwekwa wakfu kuwa askofu kwa mikono ya Papa mwenyewe. Mwaka uliofuata alihamishiwa Kisangani kama askofu msaidizi, na tarehe 1 Septemba 1988 akawa Askofu Mkuu, akimrithi Augustin Fataki, Mkongo wa kwanza kukalia kiti hicho. Ni jimbo la mito. Parokia zake zimetawanyika msituni, na kuzifikia ni mtumbwi, pikipiki au miguu. Mjini, kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari limesimama karibu na mto Kongo, juu kidogo ya mahali mashua zinapoegeshwa.

Kisangani ilimpa kiti, lakini Kinshasa ndiyo iliyompa jina kubwa. Agosti 1991 lilifunguliwa Kongamano la Kitaifa, mkutano wa wajumbe wapatao elfu mbili na mia nane uliopaswa kuiumba upya nchi. Ulianza kwa vurugu, watu wakigombania kadi za ujumbe na viti. Desemba mwaka huo wakamchagua askofu mkuu wa Kisangani kuwa mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wachache ambao pande zote ziliweza kumsikiliza. Januari 1992 serikali ya Nguza Karl-i-Bond ikalisimamisha kongamano. Tarehe 16 Februari, Jumapili, Wakristo wa Kinshasa wakatoka makanisani kwa maandamano ya kudai lifunguliwe. Walioyaitisha walikuwa walei na baadhi ya mapadri, na maaskofu kama chombo hawakuyabariki rasmi. Watu walishika rozari, matawi na mishumaa. Askari wakafyatua risasi, makumi wakafa. Aprili kongamano likafunguliwa tena.

Agosti 1992 wajumbe wakamchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, na Desemba Monsengwo akafunga kikao cha mwisho. Hapo ndipo lawama zilipoanza, na hazijaisha. Taarifa mbili nzito, moja ya mali zilizoibwa na nyingine ya mauaji ya kisiasa, hazikujadiliwa hadharani ukumbini. Wafuasi wa Tshisekedi walisema askofu alimwachia Mobutu mlango wazi. Yeye aliamini kwamba mwenye jeshi ukimfungia kila mlango atatokea ukutani. Februari 1993 ikaonyesha alichohofia: Mobutu alipotoa noti ya zaire milioni tano na Tshisekedi akaikataa, askari waliolipwa kwa noti hizo waliwazingira wajumbe wa Baraza Kuu la Jamhuri, bunge la mpito lililotokana na kongamano na kuongozwa na Monsengwo, wakawafungia ukumbini siku kadhaa ili waikubali noti. Baraza lilikuwa na sheria yote ya nchi mikononi mwake, lakini halikuwa na hata mlinzi mmoja mlangoni.

Mwaka 1996, baada ya mivutano ya muda mrefu, alikuwa ameshaondoka kwenye uongozi wa bunge la mpito. Ilionekana siasa imemwishia, naye ataendelea na jimbo lake.

Mtu wa milimani

Wakati mwenzake anapewa upadri Roma, Laurent-Désiré Kabila alikuwa kijana wa siasa za Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga kilichokuwa upande wa Patrice Lumumba. Mwaka 1964, mashariki mwa Kongo kuliwaka moto wa waasi wa Simba. Agosti mwaka huo waliichukua Stanleyville na kuifanya mji mkuu wao chini ya Christophe Gbenye, hadi makomando wa Ubelgiji waliposhushwa na ndege za Marekani tarehe 24 Novemba. Kabila alikuwa kusini zaidi, upande wa Albertville, mji ambao leo ni Kalemie, na kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa hilo kutoka Kigoma na Wakuba wake kuja kuwasaidia. Alikaa tangu Aprili hadi Novemba. Katika kumbukumbu zake, Che alimwona Kabila kuwa mtu mwenye kipaji cha kuongoza ambaye hakuonekana mstari wa mbele. Miezi ilipita kiongozi akiwa ng'ambo ya ziwa, wapiganaji wakimsubiri.

Alipoona Simba wameshindwa, alianzisha chama chake, PRP, Desemba 1967, na kujenga ngome katika milima ya Fizi, mahali alipopaita Hewa Bora. Huko palikuwa na mashamba, shule na biashara ya dhahabu. Mwaka 1975 dunia ililisikia jina lake watu wake walipowateka vijana wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, kwenye kituo cha Jane Goodall cha utafiti wa sokwe huko Gombe, Tanzania. Waliachiwa baadaye, baada ya mazungumzo marefu ya fidia. Kisha jina likazama tena. Miaka ya themanini aliishi sana Tanzania, mwanawe Joseph akisoma Dar es Salaam na Mbeya. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba na ya biashara zake.

Oktoba 1996 alitolewa kwenye usahaulifu. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilitaka kuvunja kambi za wakimbizi zilizokuwa ng'ambo ya mpaka wake, ambamo wauaji na majeshi ya zamani walijificha. Uganda ilikuwa na sababu zake pia. Walihitaji Mkongo wa kusimama mbele, na Kabila akawa msemaji wa AFDL, muungano uliotangazwa huko Lemera. Januari 1997 mkuu wa kijeshi wa muungano huo, André Kisase Ngandu, akauawa. Msemaji akabaki kuwa kiongozi pekee.

Machi 1997

Serikali ya Kinshasa iliamua kwamba Kisangani haitaanguka. Mji huu una bandari ya mwisho ya mto Kongo kwa meli zinazotoka Kinshasa, una viwanja viwili vya ndege, na ukiupoteza umeipoteza nusu ya nchi. Walileta mamluki wa Kiserbia na Wafaransa, helikopta na ndege za kivita. Mamluki hao waliwatesa na kuwaua raia waliowashuku kuwa wapelelezi. Askari wa Mobutu nao, ambao mishahara yao ilikuwa imeliwa njiani, waliwapora wenyeji waliotumwa kuwalinda.

Kwa hiyo tarehe 15 Machi, AFDL ilipoingia, mji haukupigana. Wapiganaji wengi walikuwa kadogo, watoto wa miaka kumi na kitu, wamevaa buti za mpira kama za wakulima wa mpunga, bunduki zikiwazidi urefu. Watu wa Kisangani walitoka barabarani na matawi. Sababu zao zilieleweka. Hapa ndipo Lumumba alipokuwa karani wa posta na kujenga umaarufu wake, ndipo Antoine Gizenga alipoweka serikali ya wafuasi wa Lumumba mwaka 1960, na aliyekuwa anaingia alijitaja kuwa mrithi wao. Tena alizungumza Kiswahili cha mashariki, wakati jeshi la Mobutu kwa miaka thelathini lilikuwa limewaamuru kwa Kilingala. Kabila mwenyewe alikuja siku chache baadaye na kuhutubia umati. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo mji ulivyompokea.

Nyuma ya shangwe hizo kulikuwa na reli. Ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, inaanza njia ya reli ya takriban kilomita 125 kwenda Ubundu, na kandokando yake, katika kambi za Kasese na Biaro, walikuwa wamejazana makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kihutu waliotembea kutoka Kivu. Wengi walikuwa wanawake na watoto wenye kipindupindu na njaa. Mwishoni mwa Aprili kambi zile zilishambuliwa. Mashirika ya misaada yaliporuhusiwa kurudi, yalikuta kambi tupu. Kabila aliupa Umoja wa Mataifa siku sitini kuwarudisha wakimbizi kwao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 ilieleza kwa kirefu mauaji yaliyofanyika huko, na kuwataja AFDL na askari wa Rwanda.

Mtu angeweza kusimama ukingoni Makiso, upande wa mjini, na kuona mwambao wa Lubunga kwa macho. Ukombozi na maangamizi vilitenganishwa na upana wa mto.

Kiti kimoja, wiki moja

Mwanzoni mwa Mei 1997 jeshi la Kabila lilikuwa linaikaribia Kinshasa, na Mobutu alikuwa anaumwa saratani. Tarehe 4 Mei, Nelson Mandela aliwakutanisha maadui hao ndani ya meli ya kijeshi ya Afrika Kusini, Outeniqua, iliyotia nanga Pointe-Noire. Mobutu alikubali kuondoka iwapo madaraka yangekabidhiwa kwa mtu wa kati. Kabila alitaka akabidhiwe yeye.

Sheria ya mpito ilisema rais asipokuwepo, spika wa bunge la mpito anashika nafasi yake. Kiti cha spika kilikuwa wazi. Tarehe 8 Mei, viongozi wa Afrika ya Kati waliokutana Libreville wakashauri kijazwe. Tarehe 10 Mei wabunge wakamchagua Laurent Monsengwo.

Kwa siku chache, basi, majina mawili yaliyotajwa kumrithi Mobutu yalikuwa ni Laurent na Laurent. Mmoja alitakiwa kwa mujibu wa kifungu, mwingine kwa mujibu wa barabara alizokwisha kuzishika. AFDL ilikataa papo hapo. Ilisema bunge lile ni la Mobutu na halina cha kumpa mtu. Upinzani wa Tshisekedi nao, uliomkumbuka askofu kwa uchungu wa mwaka 1992, haukumtaka. Tarehe 14 Mei Mandela na Mobutu walimsubiri Kabila kwenye meli ileile, na Kabila hakutokea. Tarehe 16 Mobutu akaondoka Kinshasa. Tarehe 17 wanajeshi wa AFDL waliingia mji mkuu, na Kabila, akiwa Lubumbashi, akajitangaza rais. Monsengwo hakuwahi kukalia kiti kile hata saa moja.

Je, angeweza? Hoja ya AFDL haikuwa ya kupuuzwa. Bunge lililokuwa likimchagua lilijaa watu waliokula na Mobutu, na jeshi ambalo lingemlinda lilikuwa limekwisha kukimbia. Lakini kukataliwa kwake kulifunga mlango mwingine pia. Aliyeshika nchi kwa jeshi la jirani alikuwa na deni kwa jirani, na deni hilo halikuwa na tarehe wala kiwango kilichoandikwa. Siku tisa baada ya kujitangaza, serikali yake ilisimamisha shughuli za vyama vya siasa. Mwishoni mwa mwezi ikatoka amri iliyomkabidhi madaraka yote. Mei 29 akaapishwa. Monsengwo alirudi kwenye kazi ya uaskofu, na mwaka huo akawa rais wa shirikisho la mabaraza ya maaskofu ya Afrika na Madagaska, kazi aliyoifanya hadi 2003.

Siku sita

Deni likadaiwa Agosti 1998. Kabila aliwataka Wanyarwanda waondoke, nao wakarudi kama adui. Ndani ya mwezi huohuo Kisangani ilikuwa mikononi mwa RCD, kundi jipya la waasi, na Rwanda, na Uganda nayo ikaweka jeshi. Mfalme aliyeuchukua mji mwaka 1997 alikuwa ameupoteza, na hakuingia humo tena.

Wavamizi wawili walipatana kwa mwaka mmoja. Kilichowagombanisha kilikuwa na majengo yake barabarani Makiso: nyumba za kununulia almasi, kuta zake zimechorwa mawe makubwa ya bluu na manjano, na ndani mizani midogo na kioo cha kukuzia. Wachimbaji walitoka Bafwasende na kwingineko na vijiwe vilivyofungwa kwenye karatasi. Kila jenerali alitaka kodi ya milango hiyo. Kulikuwa pia na ugomvi wa nani ataongoza waasi. Agosti 1999 Rwanda na Uganda zilipigana humo mjini. Mei 2000 tena.

Tarehe 5 Juni 2000 ilianza vita ambayo wakazi huiita ya siku sita. Jeshi la Uganda lilikuwa hasa upande wa kaskazini, la Rwanda mjini, na daraja la mto Tshopo likiwa katikati. Hadi tarehe 10, Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba makombora zaidi ya 6,600 yaliangukia mji. Raia waliouawa walikadiriwa 760 na zaidi, waliojeruhiwa takriban 1,700, nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa. Nchi mbili za kigeni zilipigania mji wa nchi ya tatu, na serikali ya nchi hiyo haikuwa na hata askari mmoja ndani yake. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1304, liliwataka wote wawili waondoke na kutaja kwamba wanapaswa kulipa.

Askofu mkuu alikuwa na waumini wa kuwazika, mfalme alikuwa Kinshasa. Wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, hawakuweza kuulinda mji. Ukirudi kwenye hadithi ya shemasi wa Roma, almasi ndiyo iliyohesabiwa kuwa hazina ya Kisangani, na watu wake hawakuhesabiwa mpaka walipokuwa maiti.

Kabila alipigwa risasi na mlinzi wake tarehe 16 Januari 2001, katika jumba lake mjini Kinshasa, mkesha wa kutimia miaka arobaini tangu Lumumba auawe. Tarehe 26 Joseph akaapishwa. Kisangani, iliyokuwa bado mikononi mwa RCD, ilipata kumjua Laurent wa tatu: Mei 2002 sehemu ya askari ilipoasi, viongozi wa RCD waliokuwa na makao Goma walizima maasi hayo kwa kuua watu zaidi ya mia moja, wengine wakatupwa kutoka daraja la Tshopo. Human Rights Watch ilimtaja Laurent Nkunda miongoni mwa makamanda waliohusika.

Monsengwo ndiye aliyebaki hai kuona urithi wa mwenzake. Desemba 2007 alipelekwa Kinshasa kuwa askofu mkuu, na Novemba 2010 akawa kardinali. Uchaguzi wa 2011 ulipompa Joseph Kabila ushindi, alisema hadharani kwamba matokeo hayo hayalingani na ukweli wala haki. Tarehe 31 Desemba 2017 Wakatoliki waliandamana tena kumtaka Joseph atangaze kwamba hatagombea, na tena wakapigwa risasi. Siku mbili baadaye kardinali aliwataka watawala wasio na uwezo waondoke. Aliyashutumu mauaji hayo kwa ukali. Alikuwa na miaka 78.

Karatasi ya The Hague

Katika wasifu wa Kabila kuna ukurasa mmoja unaosahaulika, nao ndio wenye maana kubwa kuliko yote kwa Kisangani. Tarehe 23 Juni 1999, alipokuwa hana jeshi la kumtoa adui, serikali yake iliwasilisha mashitaka dhidi ya Uganda, Rwanda na Burundi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Aliyeikataa karatasi ya bunge mwaka 1997 akaishika karatasi ya mahakama miaka miwili baadaye, kwa kuwa hakubakiwa na silaha nyingine.

Kesi dhidi ya Rwanda na Burundi ziliondolewa mwaka 2001, na kesi mpya dhidi ya Rwanda ilikwama mwaka 2006, kwa sababu mahakama iliona haina mamlaka ya kuisikiliza. Dhidi ya Uganda ilisonga. Tarehe 19 Desemba 2005 majaji waliamua kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa, vita vya Kisangani vikiwemo. Tarehe 9 Februari 2022 wakapanga fidia: dola milioni 325, ambapo milioni 225 ni kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili, zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Fungu la kwanza lililipwa Septemba 2022. Hakuna Laurent aliyeliona. Kabila alikuwa amefariki miaka 21 nyuma, na Monsengwo alifia Versailles, Ufaransa, tarehe 11 Julai 2021, miezi saba kabla ya hukumu.

Mfuko wa kuwalipa waathirika uliwekwa Kisangani, na foleni zikaanza: watu waliobeba vyeti vya hospitali, picha za nyumba zilizobomoka, majina ya waliozikwa. Malalamiko nayo yakaanza, ya orodha zenye majina ya bandia na ya fedha zinazochelewa. Septemba 2025 mahakama ya juu ya Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria miaka mitatu ya kazi ngumu katika kesi ya dola milioni 19 za mfuko huo, zilizokusudiwa kujenga gereza mjini Kisangani.

Watu husema fimbo ya mbali haiui nyoka, na fimbo ya The Hague ilichukua miaka 23 kufika Tshopo. Lakini ilifika. Bunduki ya 1997 ilifika kwa miezi mitano tu kutoka Lemera, na baada yake Kisangani ilipigwa mara tatu na walewale waliokuwa wameishika. Monsengwo aliamini kwamba sheria isiyo na jeshi inaweza kusimama iwapo wananchi watakubali kuwa walinzi wake. Mwaka 1993 na mwaka 1997 mambo yalimwonyesha kinyume. Wanaosimama leo kwenye foleni ya fidia, wakidai orodha isomwe hadharani na kila jina lithibitishwe, wanafanya kazi ambayo haikukamilika ukumbini mwaka 1992, nao hawamdai mfalme wala askofu awafanyie.